Kufuli Alilong'oa Zdeňka

Marekebisho ya Zdeňka yalipopokelewa, ofisi nzima pale Brno ilimpigia makofi.

"Mama, wewe kiboko!" alisema Radim, jirani yake wa meza, akimsogezea koláč, keki ya plamu. "Tundu lile lingetutoa jasho."

Lilikuwa tundu baya. Katika kiini cha mfumo wa kompyuta, sehemu inayotunza mafaili, kazi mbili ziliweza kulivamia faili moja kwa pamoja: moja inalifunga na kuachia nafasi yake kwenye kumbukumbu ya mashine, nyingine bado inaisoma. Mwizi akiuwahi upenyo huo, mashine ni yake.

Kilichokosekana ni kufuli, yaani amri ya kuzipanga kazi hizo foleni. Na awali kufuli lilikuwepo. Zdeňka ndiye aliyeling'oa, ili mafaili yafunguke haraka. Tuulikki wa Helsinki alimwonya kwenye baraza la barua, wanaposomana waandishi wote wa kiini. Zdeňka akamjibu hadharani: "Kasome kwanza, ndipo uje kubisha." Watu wakacheka. Tuulikki hakuandika tena.

Desturi yao ni hii: kila marekebisho hutaja badiliko lililoleta kosa, na jina la mwenyewe. Tundu la hatari huruhusiwa kufichwa hadi watumiaji wapate kinga. Zdeňka aliitumia ruhusa hiyo kulificha jina lake. Leo kinga ilikuwa imewafikia watumiaji, na muda wa siri ukaisha.

"Mstari wa chanzo mbona mtupu?" Radim aliuliza.

"Nitaujaza."

"Jaza, tumjue huyo mwehu! Naapa ni yule Mfini mbishi. Si ndiye aliyekuwa akigombania sehemu ile?"

Zdeňka aliirudisha keki mezani.

"Si yeye. Ni mimi."

"Acha utani, bwana."

"Yeye alinionya, nikamtukana. Na wewe ulicheka."

Radim alijikuna shingo, kisha akashusha sauti. "Basi andika chanzo ni cha kale, hakijulikani. Nani atafukua?"

Zdeňka alimtazama. Nyumbani mwanawe akivunja kikombe, hamwachi aende kucheza kabla hajasema ni yeye. Uso ukimwaka, aliandika badiliko lake na jina lake kamili. Chini yake akaandika: Tuulikki aliliona kosa hili mapema, nami nilimdharau mbele yenu. Akatuma kwa baraza, na nakala kwa Tuulikki.

Makofi ya asubuhi hayakurudiwa. Barua ya kwanza kuingia ilitoka kwa mashine, si kwa mtu: nakala ya Tuulikki haikufika, anwani yake ilikuwa imefungwa.