Kamba ya Mama Mkwe

Mwaka uliopita mkaguzi alikaa nyuma ya darasa langu, kisha akaniambia mlangoni, "Nusu yao wamelala, nusu wanakuonea huruma." Nikapewa mwaka mmoja wa kujirekebisha, akirudi akikuta usingizi, mkataba basi. Mimi niliyefukuzwa duka la viatu na karakana ya baiskeli kabla ya kusomea ualimu, naujua mlio wa mlango unaofungwa mgongoni.

Siku ya kurudi kwake, somo lilikuwa chanzo cha Vita Kuu ya Kwanza. Asubuhi nikafungua kamba ya kuanikia nguo ya mama mkwe.

"Na nguo nianike masikioni mwako?" akauliza.

"Leo tu, mama."

Kipindi kilikuwa baada ya chakula cha mchana, saa ambayo hata chaki husinzia. Nikasimamisha sita mbele. Kiduchu, binti mdogo kuliko wote, akawa Serbia. Bonge akawa Urusi. Wengine wakawa Austria, Ujerumani, Ufaransa na Uingereza.

"Nchi hizi zilishikamana: ukiguswa wewe, nimeguswa mimi. Ahadi ndiyo hii kamba." Nikawafunga viunoni, rafiki kwa rafiki. Uingereza alikuwa ameahidi kuilinda Ubelgiji, na Ubelgiji sikuwa nayo, basi ncha nikaifunga kwenye mguu wa kiti kitupu kule nyuma.

Mkaguzi akaingia kimyakimya kwa mlango wa nyuma, akakikalia kile kiti. Nikaona haya kumwinua.

"Mrithi wa kiti cha enzi cha Austria amepigwa risasi," nikasema. "Austria anamlaumu Serbia. Msukume, kidogo tu."

Kidogo, wapi. Kiduchu akaenda chini, akamvuta Bonge, Bonge akamzoa Ufaransa, Ufaransa akamzoa Uingereza. Austria akapepesuka, Ujerumani juu yake. Kule nyuma kiti kikaruka, na mkaguzi akawa chali.

Nikausikia ule mlango.

"Nani ameanza?" akauliza kutoka sakafuni.

"Serbia," akasema Austria.

"Mimi nimesukumwa," akasema Kiduchu.

"Mimi ni ahadi tu, bwana," akasema Bonge. "Bila kamba ningekuwa nimesimama."

"Mimi nilimwahidi Austria," akasema Ujerumani.

"Nami nimekuja kwa ajili yako," Uingereza akamwambia mkaguzi. "Wewe ni Ubelgiji."

"Nilimkosea nani?"

"Hakuna," akajibu Kiduchu. "Ujerumani alitaka kupita kwako amfikie Ufaransa."

Mkaguzi akacheka mpaka miwani ikamtoka. Akabaki palepale chini akiwauliza maswali hadi kengele, na hakuna aliyesinzia. Akiondoka, huku akijipangusa suruali, akaniambia, "Mwakani nitasimama."

Nilitaka kuwashukuru wale sita. Nikapiga magoti, nikawafungua mmoja mmoja, taratibu kama mtu anayemvua mtoto viatu.

"Mwalimu analia," Kiduchu akanong'ona.

"Ni chaki," Bonge akamjibu. "Mwache."

Nyumbani mama mkwe aliipokea kamba, akayatazama mafundo.

"Wamekufukuza?"

"Nimebaki, mama. Watoto wameniokoa."

"Mungu awape maisha marefu," akasema, akanisukumia beseni. "Haya, anika."