Mji wa Mugiriki

Jumamosi hiyo Eness alimaliza kugeuza samaki kwenye kichanja, akasugua moshi mikononi kwa majivu, akavaa gauni lake la kanisani na kushuka bandarini Kashikishi kupanda mashua ya kwenda kutembea mjini. Ilikuwa mwezi wa nane, mwaka 1956, na mji ulikuwa umekuja tena.

Ulikuja kila kiangazi, tangu Mugiriki mnunuzi wa samaki, Bwana Manoli, alipozidiwa na hamu ya kwao. Ulisimama katikati ya ziwa Mweru, upande wa kisiwa cha Kilwa: nyumba nyeupe zilizopandana mlimani, ngome, kengele, vibaraza vya maua, na bandari yenye kelele kuliko soko la samaki siku ya malori. Maji yaliyouzunguka yalikuwa ya chumvi. Wavuvi walinung'unika kwamba nyavu zao zinakakamaa, wakahamishia mitumbwi Mununga, yakaisha. Katekista alitangaza kwamba kwenda kuutazama si dhambi, ila watu wasilale huko. Tiketi ya kwenda na kurudi ilikuwa kikapu cha samaki wakavu. Watu wa Nchelenge walikwenda kwa makundi, wakarudi na machungwa, pamoja na yale matunda madogo ya kijani, machungu, ambayo hakuna aliyewahi kumeza la pili.

Wenzake walikwenda kutazama. Eness alikwenda kumtafuta mumewe.

Chabu alikuwa na kazi kwenye mashua ya Bwana Manoli, ile iliyopeleka samaki upande wa Kongo wakiwa ndani ya barafu. Wakati wa mvua mashua ilifika salama, samaki wote wamo, Chabu hayumo. Kapita, msimamizi wa mashua, alisema ametoroka, amefuata wanawake wa Elisabethville. Ndugu za Chabu waliamini, au walijifanya kuamini, maana mtu aliyetoroka hapikiwi chakula cha msiba. Hapo ndipo Eness alipokwama. Kwa desturi yao mjane hufunguliwa na ndugu za mume: humfunga ushanga mweupe mkononi, na roho ya marehemu humwachilia. Bila ushanga hakuna mwanamume angethubutu kumwoa, na wanawake wenzake, wakiogopa mkosi, hawakutaka akoleze moto wao. Mke si mke, mjane si mjane. Alikuwa amechoka, jamani, amechoka kabisa.

Mjini waliongozwa na Goodson, karani wa mashua, aliyewaonyesha ngome na kanisa la mishumaa. Waliletewa kahawa katika vikombe vidogo, wakainywa, wakangoja iliyobaki iletwe. Wenyeji waliegemea vibarazani wakiwapiga picha. Sokoni wanawake wa huko walikuwa wakigombana juu ya bei ya samaki, na wanawake wa Kashikishi wakajisikia nyumbani kidogo.

Kisha wakafika gatini. Wachukuzi wote walikuwa watu weusi, watu wa ziwani, na mashati yao yalikuwa yamelowa chepechepe, ingawa mvua haikuwa imenyesha tangu Aprili. Maji yalichuruzika mikononi mwao bila kukoma. Baadhi ya wageni walitambua mjomba au jirani, wakapiga makofi ya heshima kama inavyotakiwa, wakaendelea na matembezi.

Chabu alipita na kasha la barafu begani, bega la kushoto kama kawaida yake. Alimwona mkewe, akalitua kasha chini.

"Bana Kafula," akasema, akimwita kwa jina la mtoto wao. "Umekuya."

"Bashi Kafula. Banasema ulikimbia."

"Sikukimbia. Upepo ulikuya, mashua ikakuwa muzito. Kapita akasema samaki iko na mwenyewe. Siye hatukukuwa na mwenyewe. Akatushusha."

"Wapi?"

"Katikati ya maji."

Alimweleza kwamba kazi hapo ni nyingi, mkate ni mgumu, na kurudi hakuna, kwa kuwa mashua inarudisha wenye tiketi tu. Alisema hayo kwa upole. Hasira ilikuwa ya Eness. Alitoa kisu cha samaki alichofunga kiunoni, akamwinamisha kichwa, akakata shungi la nywele. Chabu akalibeba kasha lake akaenda.

Jioni Eness aliziweka nywele kwenye mkeka wa mama mkwe wake. Zilitoa maji. Mkeka ukalowa, maji yakafika mlangoni. Mama mkwe alizinusa, akaanza kulia kilio cha msiba, na majirani wakaja mmoja mmoja na kuni zao. Nywele zilizikwa ndani ya kisanduku. Kaburi lile halikukauka. Mwezi wa tisa, nyasi zote zikiwa zimeungua, kaburi hilo lilikuwa la kijani.

Mjomba wa Chabu, mzee Watson, mkubwa wa ukoo, alikwenda na wanaume kumuuliza Bwana Manoli. Mugiriki aliwasikiliza, kofia mkononi. Hakukana. Alisema barafu ilikuwa inayeyuka. Alileta chai na sukari, akakaa na wanaume msibani hadi jioni, akalia pia, machozi ya kweli. Askari mmoja aliyeulizwa alisema watu hao wako katika maji ya chumvi, na yeye amri yake ni ya maji baridi.

Msiba ulipoisha ikabaki kurithi jina. Fanwell, mdogo wake Chabu, alikalishwa kwenye mkeka, akapewa mkanda na kafi ya kaka yake, na kuanzia hapo akawa Chabu. Ndivyo wanavyofanya: jina halizikwi. Watoto wakamwita baba, mama yake akamsalimu kama aliyerudi safarini. Mzee Watson akamfunga Eness ushanga mweupe, akamwambia mbele ya watu wote kwamba sasa ni huru, hana deni wala neno tena katika ukoo ule.

Bwana Manoli, aliyealikwa, aliinuka akampa mrithi mkono. Alisema mashua ilipungukiwa na mtu, na nafasi ya Chabu iko pale pale. Mzee Watson alifikiri kidogo, akaona kwamba nafasi ni ya Chabu na Chabu ndiye huyu.

"Si nilisema?" akasema kapita, aliyekuja na bwana wake. "Chabu hakufa."

Hakuna aliyembishia, maana kwa desturi yao wenyewe ilikuwa kweli. Eness alisimama ili aseme. Mama mkwe alimvuta nguo taratibu, akamkumbusha kwamba amefunguliwa. Moyo ulimuuma kuliko siku zote za kungoja. Akakaa.

Jumatatu alikwenda bandarini, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumkataza. Mashua ya samaki ilikuwa imejaa mpaka maji yakakaribia ukingo. Chabu mpya aliruka ndani, akacheka na wenzake, akamwuliza Eness kwa heshima kama angependa kuletewa machungwa. Kapita alikagua makasha ya samaki moja moja, akayafunga yote kwa kamba. Kisha akawaambia watu wakae popote watakapopata.