Kafute Video

Mimi sikuifuta ile kanda. Nimelisema hilo tangu nikiwa na miaka sita, nimelisema nikilia, nimelisema nikicheka, na hakuna aliyewahi kuniamini. Nyumbani kwetu jina langu ni Mfutaji. Mjomba akiniona nimeshika simu yake hupiga kelele, "Jamani, mnyang'anyeni, atafuta!" Mtu mzima, mvi kichwa kizima, kichekesho kilekile mwaka wa ishirini na nne huu.

Kisa chenyewe ni neno moja tu. Jumamosi asubuhi mama alinipa kitambaa, akaniambia, "Nenda sebuleni kafute video." Nikaenda, nikaifuta deki ya video vumbi juu, chini na ubavuni, maana nilikuwa mtoto mtiifu, si kama wengine nisiowataja. Jioni baba akatutokea na uso wa msiba: kanda ya harusi yao imefutika. Akamwonyesha mama chenga tupu kwenye televisheni, sekunde tatu nne, akazima.

"Si ulimwambia mtoto afute video?" alisema. "Basi kafuta."

Mama alilia. Mimi nilinyimwa katuni mwezi mzima.

Sasa nicheke au nilie? Kazi yangu leo ni kuhamisha kanda za zamani kwenda kwenye diski. Nina deki, kompyuta na waya kati yao. Deki inacheza, kompyuta inarekodi. Hakuna njia ya mkato, kanda ya saa tatu unaikalia saa tatu. Wiki iliyopita mama aliniletea katoni nzima, kanda zote za kabatini, kazitoa baba akiwa kazini. Baba ni fundi umeme. Moja ilikuwa ndani ya kava lenye mwandiko wake: "Mafunzo ya Nyaya, Sehemu ya Pili." Sehemu ya kwanza sikuiona.

Nikaichomoa. Mgongoni, kwa mwandiko wa mama: "Harusi Yetu."

Kanda ya harusi huvunjwa kijino cha nyuma ili mtu asiweze kurekodi juu yake. Hii ilivunjwa. Ila tundu lilikuwa limezibwa kwa utepe mweusi wa umeme, umekatwa kwa mkasi, sawasawa kabisa. Loo! Mtoto wa miaka sita, huo ufundi kautoa wapi? Nikaitumbukiza kwenye deki.

Chenga. Halafu tumbo. Tumbo likarudi nyuma kutoka kwenye kamera iliyoungwa na deki, likawa baba, yuko sebuleni kwetu, ndani ya suti ya harusi isiyofungika tena. Baba huyuhuyu anayesema kucheza ni mambo ya watoto! Alikuwa amekumbatia mto wa kochi. "Moja, mbili, geuka," alihesabu, akageuka, akajikwaa. Akauambia mto, "Mke wangu, safari hii sikukanyagi." Nilicheka hadi kiti kikalia.

Dakika ya tisa mlango ukafunguka, akaingia mtoto na kitambaa: mimi, na wala sikumbuki kwamba nilimkuta baba pale.

"Baba, mama kasema nifute video."

Baba akaangusha mto. "Futa, mwanangu, futa. Ila usiguse kitufe chochote."

"Sigusi."

Na kweli sikugusa. Nilijitazama nikifuta vumbi, ulimi nje, nimekaza macho, na kicheko kikanikauka. Yule mtoto alikuwa amesema kweli. Nililia, sioni aibu kusema.

Dakika ya kumi na mbili picha ikakatika, zikaja chenga kidogo, kisha akatokea mama: shela, maua, na kijana mwembamba anayemkanyaga mguu. Harusi iliyobaki ilikuwa salama yote. Baba hakuwahi kungoja aone.

Wanasema siku za mwizi ni arobaini. Za baba zilikaribia elfu tisa. Nikawapigia simu wote wawili, nikawaambia waje ofisini.

Baba alifika kwanza, anahema. Kumbe alishaliona kabati tupu. Alikuta nimesimamisha picha yake na mto.

"Nilidhani ni kanda ya mechi, hata mgongoni sikusoma," alisema kwa sauti ya chini. "Nilitaka kumfanyia mama yako sapraizi."

"Miaka ishirini na nne, baba. Mfutaji!"

"Nisamehe, mwanangu. Nilimwogopa mama yako."

Nilimwona jinsi alivyonywea, na roho ikataka kunilainika. Mara tukasikia sauti ya mama nje, anasalimiana na majirani. Baba akanishika mkono.

"Kipenzi changu, kile kipande cha mwanzo tu. Haraka, kabla hajaingia. Futa!"

"Nifute?"

"Futa, mwanangu, futa!"

Nikachukua kitambaa. Nikaifuta kompyuta vumbi juu, chini na ubavuni, taratibu, ulimi nje. Mama alipofungua mlango, baba alikuwa bado amekumbatia mto kwenye skrini, na mimi sikuwa nimegusa kitufe chochote.