Muziki wa Dastan Kalinga

Jumapili baada ya ibada, mashabiki wa filamu za Kihindi wa Ilula walikutana katika banda la video la Fred, nyuma ya soko la nyanya. Walitazama filamu moja ya mapenzi na vichekesho, kisha wakageuza mabenchi yakatazamana ili wabishane. Mwalimu Bartholomeo wa sekondari aliwatafsiria maoni ya wahakiki kutoka kwenye simu yake. Dastan Kalinga, fundi wa pikipiki, alikaa karibu na mlango.

"Mhakiki wa Mumbai ameipa nyota mbili," alisema Mwalimu.

"Mbili kati ya tatu?" aliuliza Fred.

"Kati ya tano."

"Huyo hajawahi kupendwa hata na mbwa wake!"

Banda zima likacheka. Kisha wote wakamgeukia Dastan, maana katika mambo hayo neno lake lilikuwa na uzito. Dastan alikuwa na muziki wake mwenyewe. Ulianza siku ya kwanza alipomfuata Eveline kutoka kituo cha basi hadi kwao: alipomkaribia, vinanda na ngoma vilisikika hewani, pasipo redio. Tangu hapo muziki ulisikika kila alipokuwa karibu na Eveline, na ulinyamaza alipokwenda mbali. Watu walizoea. Walipooana, mchungaji aliomba tu kwamba mume na mke wakae pande tofauti za kanisa wakati wa mahubiri.

"Wahakiki hawajui mapenzi," alisema Dastan. "Msichana akikataa, anakupima. Ukikata tamaa, umefeli."

"Hilo amelijibu," alisema Mwalimu, akisogeza kidole kwenye kioo cha simu. "Anasema huyu msichana alikataa tangu mwanzo, ila kila alipofungua kinywa muziki ulipandishwa. Hatukusikia alichosema. Tulionyeshwa mvua na wachezaji waliovaa njano."

"Na walicheza vizuri!" alisema Fred.

Veneranda hakucheka. Yeye na Eveline waliuza nyanya na vitunguu meza moja, kando ya barabara kuu.

"Shemeji Dastan," alisema, "mimi nilikuwemo ndani siku washenga wako walipokuja kwa akina Eveline."

Kila aliyekuwa bandani aliujua utaratibu. Siku ya washenga, muoaji hubaki kwao. Binti huitwa mbele ya wazee, na baba mkubwa humuuliza kama anawafahamu wageni na kama mahari yao ipokewe. Siku ile baba mkubwa aliuliza, muziki ukapanda hadi vikombe vikatikisika, midomo ya Eveline ikacheza, na wazee wakapokea.

"Nilikaa naye bega kwa bega, sikusikia neno," aliendelea Veneranda. "Na muziki wako hausikiki ukiwa mbali. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa kwetu."

"Shemeji. Ulikuwa wapi?"

Dastan alitazama viatu vyake. Siku ile alikuwa amesimama nyuma ya nyumba, chini ya dirisha, mgongo ukutani. Alikuwa amesikia kwamba Eveline amepata nafasi katika chuo cha uuguzi, Mbeya, na kwamba angekataa. Aliupeleka muziki pale kwa makusudi.

"Nyuma ya nyumba," alisema.

Hakuna aliyecheka. Fred alianza kufuta kioo cha televisheni, ingawa hakikuwa na vumbi.

"Basi kamuulize alisema nini," alisema Veneranda. "Yupo mezani. Simama ng'ambo, usisogee."

Dastan alitoka, uso ukimwaka. Alisimama upande wa pili wa barabara kuu, mahali ambapo yalisikika malori peke yake. Eveline alikuwa akipanga nyanya kwenye sado, ndoo ndogo ya kupimia.

"Mama Devota!"

"Bee!"

"Siku ile ya washenga, baba mkubwa alipokuuliza, ulimjibu nini?"

Eveline aliweka nyanya chini. Hakuhitaji kukumbuka.

"Nilisema sitaki. Nilisema wageni wapewe chai, washukuriwe, waende. Mimi nakwenda chuo." Alisema hayo kwa sauti ileile ya kumjibu mteja. "Nikarudia. Nikaona wazee wanapeana mikono."

"Mbona hukuniambia?"

"Nimekuambia miaka yote, baba Devota. Kila nikianza, unasogea karibu."

Wauzaji wengine waliacha kazi zao. Nyuma yake Dastan alisikia mashabiki wakitoka bandani, wakisimama mmoja mmoja.

"Chuoni wanapokea hata watu wazima," Eveline aliongeza. "Nimeshauliza. Devota atakaa kwa mama. Nataka kwenda. Unasemaje?"

Jibu lilikuwa neno moja: nenda. Lilikuwa limeshafika mdomoni, na pale aliposimama lingesikika vizuri kabisa. Lakini pale aliposimama ndipo pia alipoonekana na kila mtu: Veneranda, Mwalimu, wauzaji wenye ndoo mikononi. Dastan hakuweza kustahimili macho yale hata kidogo zaidi.

"Tutaongea," alisema, akavuka barabara.

Muziki ulianza katikati ya lami. Alipofika mezani, vinanda vilikuwa vimeshapanda na ngoma zilikuwa zimeshachanganya. Eveline alikuwa bado anasema. Midomo yake ilikwenda polepole, neno baada ya neno, na Dastan akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama mume anayesikiliza.

Basi la kutoka Mbeya lilisimama. Abiria walifungua madirisha, wakatoa simu, wakawarekodi mume na mke wenye muziki wao.

"Mapenzi hayo jamani!" alipaza sauti msichana mmoja, na wenzake wakapiga makofi.

Eveline alifunga mdomo. Alichukua sado ya nyanya, akaiinua hadi dirishani.