Bodi Haijatoka Humu

Kazi yangu ni kukagua mashine kuukuu za gemu, yale makabati marefu ya kusimama yenye skrini juu na vitufe kifuani, kisha kuyaandikia cheti: kila moja limetoka wapi, limepita mikono gani, lina hali gani. Msinicheke. Kuna watu wananunua makabati haya kwa mbwembwe kama wanaoa, na wauzaji nao wanayasifia kuliko mshenga.

Siku hiyo nilikuwa sebuleni kwa Tajiri. Mtaa mzima ulimwita hivyo tangu enzi zake za ukumbi wa gemu wenye mashine nne, na yeye hakuwahi kukanusha. Ukumbi siku hizi ni stoo ya saruji. Mashine tatu zilishauzwa kama chuma chakavu, na ya nne ndiyo hii, imesimamishwa katikati ya zulia kama bibi harusi. Kwenye kochi alikaa mnunuzi, bwana mpole mwenye hoteli, ambaye alishasema wazi kwamba bila cheti changu hanunui.

"Mashine hii, binti yangu," Tajiri akaanza, "ziko tatu tu duniani."

"Mwezi uliopita nilikagua mbili," nikamwambia. "Basi leo nimezimaliza."

Mnunuzi akakohoa. Tajiri akacheka kicheko cha mtu asiyejua kwamba ndiye anayechekwa, akaendelea kupiga fiksi. Eti ilikuja na meli yake peke yake. Eti mtoto wa balozi alikuwa akitoroka shule kuja kuicheza. Eti rangi ni ile ile ya kiwandani. Nikachungulia dirishani nikaliona geti lake, kijani. Nikatazama ubavu wa mashine, kijani kile kile, na michirizi ya brashi iliyoganda vile vile. Nikaandika: imepakwa rangi ya geti. Nikapiga magoti, nikamulika chini kwa tochi. Panya walikuwa wamezalia humo, wakalea, wakahama.

"Hilo ni vumbi la kale," Tajiri akasema.

"Vumbi la kale halinuki mkojo, mzee."

Sasa niseme jambo ambalo sikulisema pale sebuleni. Mzee yule nilimjua kabla hajafungua mdomo. Yeye hakunijua. Nilikuwa na miaka tisa alipomfukuza baba yangu mlangoni mwa ukumbi ule, watu wamejaa, mashine hii hii imezima ghafla nyuma yake. Baba ndiye aliyekuwa fundi wake. Tajiri alipayuka kwamba fundi amechomoa bodi, yaani ubongo wenyewe wa mashine, akaiuza na kupachika feki. Hakwenda polisi. Wa nini, na mtaa mzima una masikio? Jioni ile ile baba akawa na jina jipya: Bodi. Mimi nikawa Binti Bodi mpaka namaliza shule. Hakuna aliyemruhusu tena kuingia kwake na bisibisi. Akaishia kuwa dobi, anapiga pasi mashati ya watu waliohesabu vifungo kabla ya kumpa na baada ya kupokea.

Kwa haki ningemwambia mnunuzi mapema kwamba nina yangu moyoni. Sikumwambia. Nishtakini.

"Nafungua nyuma," nikasema.

Skurubu zilikuwa nane, nikazitoa moja moja. Mlango ukatoka na vumbi lake. Bodi ilikuwa imekaa mahali pake, na juu ya skurubu zinazoishikilia imepita stika ya kiwanda. Huwezi kuitoa bodi bila kuichana stika hiyo, na stika ilikuwa nzima. Nikasoma namba ya bodi. Nikasoma namba ya kibati cha mgongoni mwa kabati. Nikarudia, tarakimu moja moja, kwa kidole, kama mtoto wa darasa la kwanza. Zilikuwa sawa: bodi ni ile ile ya kiwandani. Kilichobadilishwa ni pawa saplai, kile kifaa cha kuilisha mashine umeme, kule chini: ya kampuni nyingine kabisa, na mbao za nyuma yake zina doa jeusi la kuungua. Mashine ilipigwa na umeme, basi, ndiyo maana ilizima siku ile. Aliyekuja kufunga pawa saplai mpya aliliona hilo, na siamini kwamba hakumwambia mwenye mashine.

Nilikaa sakafuni. Nilitamani kumrukia yule mzee na bisibisi yangu. Badala yake nikasikia sauti yangu inauliza, tamu kama ya muuza manukato:

"Mzee, mbona niliwahi kusikia bodi ya mashine hii iliibwa?"

Mnunuzi akainua kichwa. Tajiri macho yakamtembea. Akikubali kwamba iliibwa, ana kabati la panya tu. Niliusoma uso wake wote nikitafuta aibu, au hata kumbukumbu. Wapi! Nilidhani uongo ule umemkaba miaka yote hii, kumbe ulimtoka kama chafya na akaendelea na safari zake. Hilo liliniuma kuliko uongo wenyewe.

"Nani kakwambia? Maneno ya watu hayo! Bodi haijatoka humu tangu kiwandani."

"Na fundi wako wa wakati ule alikuwa nani?"

"Ah, yule... tulikuwa tunamwita Bodi."

"Kwa nini Bodi?"

Mnunuzi alikuwa anamtazama. Tajiri akamgeukia.

"Kwa sababu alizijua bodi kuliko mtu yeyote!" akasema, na uso mkavu, Mungu wangu. "Fundi mwaminifu sana. Sijapata tena kama yule."

Nikampa fomu. Ina sehemu ya historia, ambayo mwenye mali huijaza kwa mkono wake na kutia sahihi mbele ya mnunuzi. Sikuitunga kwa ajili yake, ndivyo kazi ilivyo. Akaandika, ulimi nje kama mwanafunzi: bodi haijawahi kutolewa wala kubadilishwa, na fundi wangu aliyeitwa Bodi alikuwa mwaminifu. Akatia sahihi yenye mikia miwili. Nakala moja huwa ya mkaguzi. Nikaikunja nikaitia kifuani.

Nilifika kwa baba mbio, bila hata shikamoo. Alikuwa anapiga pasi. Nikamsomea kwa sauti ya Tajiri, nikamwigiza anavyotoa ulimi, nikaigiza na mikia ya sahihi, nikacheka mpaka nikashika ukuta. Nikamwambia kesho nabandika nakala dukani, kwa kinyozi, mpaka kwenye nguzo ya umeme, wote waliotuita majina wasome.

Baba akaisimamisha pasi, akafuta mikono, akaisoma ile karatasi mara mbili, midomo ikitembea.

"Mwaminifu," akasema. Akatabasamu kidogo. "Ulipofungua ukaziona hizo namba, ulizisoma mara ngapi?"

"Mara tatu! Mara nne! Nilitaka niwe na uhakika."

Akaitikia kwa kichwa taratibu, kama mtu anayekubali bei.

"Mama yako, siku ile nilipofukuzwa, aliniuliza mara moja tu. Nikamwambia sikuiba. Akapakua chakula, tukala." Akanirudishia karatasi, ameishika kwa ncha za vidole isichafuke. "Kwa hiyo wewe, mwanangu, miaka yote hii ulikuwa huna uhakika."

Hakusema kwa hasira. Heri angefoka, kufoka nakujua, ningefoka naye. Nikaipokea karatasi.

"Sikuwa na uhakika, baba," nikamwambia, nikaanza kulia pale pale, mbele ya mashati ya watu.