Kiti Kinacholala

Kafiya alizunguka meza yake, akachuchumaa kuutazama mguu wa Mukai. Plasta ilianzia kwenye nyonga ikashuka hadi kisigino, na mguu wote ulikuwa umenyooshwa juu ya kiti cha pili.

"Mama, huu utauweka wapi ndani ya ndege?"

"Chini ya kiti cha mwenye kuketi mbele yangu," Mukai akasema. "Akilalamika, nitamkanyaga."

Kafiya alicheka kidogo, kisha akaacha. Ofisi yake ndogo ya tiketi za ndege pale Kitengela ilikuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi, na wateja wake wengi walikuwa wafanyabiashara waendao Dubai. "Huko nyuma hata mtu mzima wa mwili anaumia magoti. Viti vya mbele vinalala. Lakini bei yake ni kama tiketi tatu za nyuma. Na sijui kama watakukubali nyuma ukiwa hivi."

Mwelu, binti wa Mukai, alimtazama baba yake, Maweu. Naye alitazama sakafu. Pesa hazikuwa zao. Zilikuwa za harambee, zilizochangwa ili Mukai apelekwe India akatolewe uvimbe kwenye mfupa wa paja kabla haujasambaa. Mwelu ndiye angemsindikiza.

Kamati ya harambee ilikutana sebuleni kwa kina Mwelu. Mwenyekiti, Mzee Muteti, aliweka kikombe chake chini.

"Kiti cha matajiri?"

"Si utajiri, Mzee," Mwelu akasema. "Goti halikunjiki." Alikuwa amemaliza chuo cha ualimu na alifundisha watoto hamsini bila shida, lakini mbele ya wazee sauti yake ilikonda. "Kafiya anasema huenda wakamkataa."

"Huyo anauza tiketi, mwalimu. Ulitaka aseme nini?" Watu wakacheka. "Mimi mama yako nampenda. Lakini nitasimama kanisani niseme nini? Kwamba yule mjane wa kule Kimuka alitoa kuku wake ili Mama Mwelu anyooshe miguu akiletewa juisi?"

"Hata mimi nitaugua niende nikalale huko," mtu mmoja akadakia, na kicheko kikaongezeka.

Mukai hakucheka. Kwa miaka mingi alikuwa mweka hazina wa kamati kama hiyo. Hiram, muumini mwenzao, alipompeleka mtoto wake mgonjwa Nairobi kwa teksi, kwa pesa za mchango, ni yeye Mukai aliyemuuliza mbele ya watu kama basi lilikuwa limekataa kumbeba. Hiram aliinuka akatoka. Hakurudi tena kanisani.

"Nunueni cha nyuma," Mukai akasema. "Pesa za watu ziende kwa daktari. Nitavumilia."

Siku ya safari kina mama wa kanisa walikodi basi la shule. Waliimba kutoka Kitengela hadi uwanja wa ndege, vitambaa vya buluu vichwani, wakamkumbatia Mukai mmoja mmoja mlangoni. Kisha wakapanda juu kule watu wanakopungia ndege mkono, Maweu na Muteti wakiwa kati yao.

Ndani, Mwelu alisukuma kiti cha magurudumu hadi kwenye kaunta. Msichana wa kaunta alimwita mkubwa wake.

"Kunja kidogo tu, mama."

"Haukunjiki, mwanangu."

Yule mkubwa alikuwa mpole. Alieleza kwamba mguu ungeziba njia, na kukitokea hatari watu wasingeweza kupita. Mbele kulikuwa na nafasi. Kama wangeongeza pesa, angewapandisha sasa hivi.

"Mzee Muteti yuko hapo juu," Mwelu akamwambia mama. "Wacha nimkimbilie. Akiona mwenyewe hatakataa."

Mukai alimshika sketi. "Huendi."

"Mama, tafadhali."

"Unaniombea pesa mbele ya wale wamama wote? Wamechanga, wameimba, sasa niwatumie ujumbe kwamba kiti chao hakinitoshi? Keti chini, Mwelu."

Mwelu akaketi. Ndege iliondoka bila wao. Huko juu kina mama walipunga vitambaa vyao mpaka ikapotea mawinguni, wakashuka wakifuta machozi, wakarudi nyumbani. Basi lao lilipokuwa limeenda ndipo Mukai alipokubali Maweu apigiwe simu.

Alikataa kurudi Kitengela. "Wataniuliza niliteremkia wapi," alisema, akijaribu kutabasamu. Wakampeleka Kajiado kwa dadake, wakamweka chumba cha nyuma. Jumapili kanisa lilimwombea mgonjwa wao aliye India. Maweu alikuwepo, amefumba macho. Na Jumapili iliyofuata. Kila Mwelu alipotaka kusema ukweli, Mukai alimwambia ngoja kidogo, nitafute maneno. Hakuyapata. Homa ilianza, halafu kikohozi.

Maweu hakuomba ruhusa tena. Alikwenda kwa Muteti na kumweleza yote. Mzee hakuitisha kamati. Alipeleka fahali zake mnadani Mashuuru, akauza, akapita kwa Kafiya, kisha akaja Kajiado akiwa bado na vumbi kwenye viatu.

Mwelu alimkuta mlangoni. Yeye na mama walikuwa wametoka hospitali asubuhi hiyo.

"Nimelipia kile cha mbele," Muteti akasema. "Mwambie mama ajiandae."

"Hasafiri, Mzee. Daktari ameona picha ya kifua. Uvimbe umeshafika kwenye mapafu."

"Lakini nimelipia."

"Ndiyo, Mzee."

Alisimama hapo, kofia mkononi, kama mtu aliyesahau alikokuwa akienda. Halafu akaingia, akaketi pembeni mwa kitanda.

"Mama Mwelu, mbona hukuniita? Nilikuwa hapo juu tu."

Mukai alimgeukia. "Ungekuja na wale wamama wote, Mzee."

Muteti aliinamisha kichwa.

"Kweli kinalala?" Mukai akauliza.

"Kafiya anasema ni kama kitanda."

"Basi mwambie kiti hicho ampe mtu mwingine," akasema. Akamwashiria Mwelu amsogezee mto chini ya kisigino, maana plasta ilikuwa imeanza kumkata.