Risasi Iliyosikika Ikifika

Sikio la kushoto la Evaline lilikufa mwaka 2003, Jumanne, saa tatu asubuhi, na aliyeliua ni yeye mwenyewe. Wakati huo alikuwa afisa wanyamapori mwenye stashahada yake mkononi, na wanakijiji walimwita Bibi Nyama. Tembo aliingia kwenye mahindi, Evaline akajibana kati ya kuta mbili za ghala na kufyatua bunduki ya 458. Pamba za masikio zilikuwa mfukoni. Tembo alianguka, na sikio nalo likaenda zake. Watu walipompa pole aliwajibu kwamba pamba zilikuwa mfukoni, sasa alaumiwe nani?

Kwa hiyo mwaka 2014, daktari wa masikio wa Brussels alipomwambia kwamba hata la kulia limebaki nusu, hakulia. Aliuliza ni nusu ipi.

"Zinazoondoka kwanza ni sauti nyembamba," daktari alisema. "Ndege. Watoto. Ukirudi kwenye bunduki zile, mwaka mmoja tu, utakuwa unamsoma binti yako midomoni."

Binti huyo, Kokugonza, alikuwa na miaka saba, na tangu ajue kutembea hakuwahi kukosea upande. Kila walipotoka nyumbani kwao mtaa wa Ganshoren alizunguka na kushika mkono wa kulia wa mama yake. Hakuna aliyemfundisha.

Shida ilikuwa kwamba kazi ilikuwa inamsubiri. Mumewe, Laurean, dereva wa ubalozi, alikuwa anamaliza muda wake mwezi wa sita, na ranchi moja ya Handeni ilimtaka Evaline awe msimamizi wa wanyamapori. Mwenye ranchi alisoma cheti cha daktari akakubali kununua bunduki mpya yenye kizuia sauti. Bunduki moja, si mbili. Barua yake ilikuwa fupi: chagua aina ya risasi, utuandikie kabla ya Ijumaa, fundi atatengeneza bunduki kufuata risasi hiyo. Kazi ni kuro na swala wa kitoweo cha wafanyakazi, nguruwe pori kwenye mahindi, na ng'ombe waliovunjika miguu karibu na nyumba.

Risasi moja kwa kazi zote hizo. Akichagua kubwa mno, sikio linakwenda. Akichagua ndogo mno, kazi inakwenda.

"Wenzako wanachagua mapazia ya kurudi nayo," Laurean alimtania, akipiga viatu rangi.

"Pazia gani limewahi kulisha watu mia mbili?"

"Mimi nasema tu."

"Sema ukimaliza viatu."

Jumatano alipanda tramu mpaka mtaa wa Forest, kwa fundi aliyetajwa kwenye barua. Rigobert alikuwa Mkongomani wa Kalemie, amepita miaka sitini, mfupi, mwenye miwani mbili kwenye paji la uso na hakuna hata moja machoni. Alisomea ufundi wa bunduki Liège na hakurudi tena kwao. Karakana yake ilikuwa chini ya kiwanda cha zamani, na nyuma ya karakana kulikuwa na handaki la mita mia moja, kuta zake zimefunikwa koki nene, ile ya vizibo vya chupa, ya kumeza mlio, kutoka sakafuni hadi darini.

"Ingia, maman. Angalia kichwa, mulango iko chini."

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Eh, Watanzania na heshima yenu. Bon. Donc, njo wewe sikio moja?"

"Moja, na nusu yake imeshaanza safari."

Rigobert alicheka, kisha akaacha kucheka, akamvutia kiti. Alimweleza kwamba hapa Ubelgiji mwindaji haruhusiwi kuwa na kizuia sauti, lakini yeye ana leseni ya kutengeneza vitu vinavyokwenda nje. Alikitoa kwenye kabati: bomba jeusi, nene kidogo kuliko tochi.

"Bunduki iko na kelele mbili," alisema. "Ya kwanza ni ya baruti, pale kwa mudomo. Hii bomba inaimeza. Ya pili ni risasi yenyewe, inapasua hewa njiani, kama fimbo ya muchungaji. Ile, hakuna chuma inaweza kuimeza, sababu risasi imeshaenda. Muntu akitaka na ile ya pili ikufe, lazima risasi itembee polepole kuliko sauti."

"Zipo za hivyo?"

"Ziko. Alors, njoo usikie. Toa mikono kwa masikio."

Evaline hakutoa. Miaka kumi na moja mikono ile ilikuwa ikipanda yenyewe kila alipoona kidole kwenye kifyatulio. Ikabidi aiketie.

Rigobert alipakia risasi fupi, nzito kichwani, aina mpya ya Kimarekani. Akalenga.

Kilichosikika ni chuma kugonga chuma, kama komeo la mlango wa jirani. Halafu pumzi. Halafu, baada ya muda ambao mtu angeweza kutamka jina lake, huko mwisho wa handaki: *pu*.

Evaline alichomoa mkono mmoja, akaonyesha mwisho wa handaki.

"Ile ya mwisho ni nini?" aliuliza.

"Ni risasi imefika."

"Imefika inasikika?"

"Kila siku inasikikaka, maman. Ni wewe ulikuwa unaifunika na kelele yako."

Alimwomba arudie. Akarudia mara nne. Kila mara komeo, pumzi, kimya, *pu*. Alikuwa amepiga risasi kwa miaka tisa, kubwa na ndogo, na hakujua kwamba mwisho wa safari risasi hubisha hodi. Ilikuwa kama kuishi na mtu miaka yote hiyo na kugundua leo kwamba huimba. Alitoka Forest akiwa anatembea polepole, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, na jioni ile aliandika jina la risasi ile fupi, kwa herufi kubwa, kwenye fomu iliyokuja na barua ya ranchi. Kimya kimemchagulia.

Kabla hajaituma alimpigia simu Sudi.

Sudi alikuwa askari wa wanyamapori aliyefanya naye kazi miaka yote ile, na sasa alikuwa ameshatangulia ranchini. Kazi yao ilikuwa ya watu wawili. Evaline alipiga, Sudi, Mwislamu wa Pangani, alikimbia na kisu ili amwahi mnyama akiwa bado anahema, amchinje kwa jina la Mungu, na nyama iwe ya kila mtu. Akichelewa, nyama ni kibudu. Nusu ya kambi hailali na njaa tu, inalala na hasira.

"Bibi Nyama, hujambo huko kwenye baridi?"

"Sijambo. Sudi, nimepata bunduki isiyolia."

Alimsimulia yote: komeo, pumzi, ile *pu*. Sudi alisikiliza mpaka mwisho, akaguna.

"Nzuri. Sasa mimi nikitoka mbio na kisu, nitamkuta wapi?"

"Nani?"

"Kuro, bibi. Hiyo risasi yako inakwenda kama mzee anatoka msikitini. Ikimgusa kuro begani, atalala pale? Au ataondoka nayo?"

Evaline aliivuta fomu karibu.

"Nauliza tu," Sudi aliendelea. "Maana akienda nayo vichakani tukamwokota kesho, hicho ni chakula cha mbwa. Wewe utakuwa na sikio, sisi tutakuwa na ugali mkavu."

"Mdomo wako haujapungua."

"Upunguzwe na nani, na mke sina?"

Alikata simu akaikodolea macho ile fomu. Alijiona mjinga, na hakupenda. Yeye, mwenye stashahada, alikuwa amechagua risasi kwa sikio, kama mtu anayechagua mume kwa sauti yake ya kwaya. Hakuuliza inafanya nini ikifika. Alifurahia tu kwamba inafika.

Alhamisi asubuhi alikuwa mlangoni kwa Rigobert kabla hajafungua.

"Fundi, jana ulinionyesha mlio. Leo nionyeshe kazi."

Rigobert alimtazama, akashusha miwani moja. "Nilikuwa nangojea uulize," alisema. "Bantu bengi habaulizake."

Alikuwa na vitabu vya simu vya zamani vilivyolowekwa kwenye beseni usiku kucha. Alivipanga ndani ya fremu ya mbao mwisho wa handaki, vitano vimeegemeana, akapiga ile risasi fupi ya polepole. Komeo, pumzi, *pu*. Walitembea kwenda kutazama. Risasi ilikuwa imeshuka chini ya alama kwa urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni. Tundu lake lilikuwa la kidole kimoja, safi, limenyooka mpaka mwisho, kama alilochoma mtoto kwenye unga uliokandwa. Evaline aliingiza kidole akakizungusha. Alijua maana yake. Kuro angeshtuka, angeondoka, na angekufa saa nne baadaye mahali asipoonekana.

"Mita trente, makumi tatu, nyuma ya nyumba, ng'ombe amevunjika muguu, ni nzuri sana," alisema Rigobert. "Mita cent, mia moja, ni zambi."

"Ni dhambi, kweli. Sasa ipi?"

"Ile ya wazee. La trois cent huit."

Evaline aliifahamu 308. Kila afisa aliifahamu, na hakuna aliyeisifu, kama vile hakuna anayesifu chumvi. Rigobert alimweleza huku akifunga mtutu mwingine. Ganda lake ni fupi, baruti inaungua yote hata kwenye mtutu mfupi, kwa hiyo ukiongeza bomba bunduki haiwi mti wa kuangulia maembe. Madukani kwao inapatikana. Nguvu ya kuro inayo, ya swala inayo bila kumharibu. Na jambo la mwisho alilisema kama lililomponyoka: ndani ya ganda lilelile mtu anaweza kutia baruti kidogo na kichwa kizito, akapata risasi ya polepole kwa kazi ya karibu.

"Ganda moja, kazi mbili?"

"Njo vile. Lakini ukizichanganya, utalia."

"Sitazichanganya. Piga."

Safari hii Rigobert alimvalisha vifuniko vya masikio vyenye betri, vinavyopitisha sauti ndogo na kufunga kubwa. "Kizuia sauti si uchawi," alisema. "Hii utavaa siku zote. Mufukoni haisaidii."

"Nani amekwambia habari za mfukoni?"

"Hakuna muntu. Bote njo vile banapotezaka masikio."

Akampa bunduki apige mwenyewe.

Evaline alilala kifudifudi, akaweka shavu kwenye kitako. Mwili wake wote ulijikaza kungoja ule ukuta wa mlio anaoujua, ule unaoingia hadi kwenye meno. Akavuta kifyatulio.

Bega lilisukumwa. Palitokea mchapo mkali lakini mwembamba, kama shuka lililokung'utwa, ukakimbia mbele yake na kwenda zake. Na nyuma ya mchapo huo, wazi, peke yake, likaja pigo. Si *pu* ile ya jana. Hili lilikuwa zito, pana, kama gunia la mahindi limetupwa chini kutoka kwenye lori.

Hapo ndipo alipomkumbuka Sudi. Miaka yote ile, kabla ya kila risasi, Sudi alisogea hatua hamsini pembeni, akaachama mdomo wazi kama mpumbavu. Na kila mara, kabla ya kukimbia, alimpigia kelele: "Bega!" au "Tumbo, usitoke, ngoja!" Hakukosea hata siku moja. Evaline alidhani anaona vizuri. Alidhani ni mazoea, au dawa ya mganga. Kumbe alikuwa anasikiliza. Jambo lile kubwa lilikuwa likitokea mbele yake kila siku, na yeye aliyelisababisha ndiye pekee asiyelisikia.

Alipiga tena. Gunia likaanguka. Akapiga mara ya tatu, akavuta makusudi upande kidogo, na pigo likaja tofauti, tupu, la ubao.

"Hiyo imegonga fremu," alisema kabla ya kuinua kichwa.

Rigobert alitazama kwa darubini. "Ni kweli," alisema. "Kwa upande wa kuume."

Vitabu vitano vilikuwa vimefumuka kama kabichi. Evaline hakuvitazama sana. Alikaa kwenye kiti, akavua vifuniko, akafungua saa yake ya mkononi na kuiweka kwenye sikio la kulia. Zamani, baada ya risasi tatu, angesikia mluzi kichwani kwa siku mbili. Sasa alisikia saa. Tiki, tiki, ndogo kama chungu anatembea kwenye karatasi. Aliisikiliza mpaka Rigobert akakohoa.

"Maman, sikio iko nzima?"

"Iko nzima."

Alikata jina la kwanza kwenye fomu kwa mstari mmoja, akaandika 308 juu yake, na chini akaongeza: risasi za kawaida mia mbili, za polepole hamsini. Kisha akatoa mkobani chupa ndogo ya rangi ya kucha, nyekundu, akamwekea Rigobert mezani.

"Za polepole zote upake hii kwenye kitako cha ganda. Na za kawaida zisiguse kisanduku hicho. Nina mtoto nyumbani, najua jinsi vitu vinavyofanana vinavyochanganyika."

"Unanipa mimi rangi ya wanawake."

"Nakupa kazi. Paka mara mbili."

Jioni Sudi alipiga simu mwenyewe, hakuweza kungoja. Evaline alikuwa jikoni, simu kwenye sikio la kulia, na Kokugonza akinong'ona hesabu zake mezani nyuma yake.

"Bibi Nyama, umeandika nini?"

"308. Noa kisu. Na usisogee tena pembeni kuachama, nitakwambia mwenyewe imegonga wapi."

Upande wa pili kiti kiliburutwa; Sudi alikuwa amesimama.

"Umeisikia," Sudi alisema.

"Nimeisikia."

"Sasa mimi kazi yangu itakuwa nini?"

"Kukimbia," Evaline alisema. Kisha akashusha simu, akatega sikio la kulia kidogo, akageuka. "Koku, saba mara nane si hamsini na nne. Rudia."

Mtoto aliinua kichwa, macho yamemtoka, kwa sababu alikuwa amekaa upande wa kushoto, wa sikio lililokufa, na amenong'ona.